Mtoto akitokwa na jasho anaponyonya, moyo wake uchunguzwe

MAMA mmoja kutoka upande wa Tigania alinijia asubuhi moja ya mwezi wa Julai, msimu ambapo ukungu wa Mlima Kenya hushuka hadi mjini Meru na karibu kila mtoto kliniki huwa anakohoa. Mtoto wake, msichana wa wiki saba, alikuwa amefungwa kwa mablanketi mawili na shali juu yake.

"Daktari, mtoto huyu ananyonya kidogo tu, anachoka, kisha anatokwa na jasho kichwani kama mtu anayelima," alisema mama huyo.

Nilihesabu pumzi za mtoto nikaona zinakwenda mbio. Nikaandika kwamba ni homa ya mapafu, nikampa dawa, na kuhusu jasho nikamwambia mama apunguze mablanketi. Baada ya siku kumi alirudi. Nikabadilisha dawa. Aliporudi mara ya tatu alikuja na nyanya ya mtoto, na ndiye aliyeuliza swali ambalo mimi nilipaswa kujiuliza siku ya kwanza: "Daktari, ni homa gani hii ya mapafu isiyoleta joto mwilini?"

Hapo ndipo nilipomvua mtoto nguo zote, nikangoja atulie kifuani pa mamake, kisha nikausikiliza moyo wake kwa dakika nzima. Kati ya pigo na pigo palikuwa na mvumo mkali, mfano wa maji yanayopita kwa nguvu kwenye mpira uliobanwa. Ini lake lilikuwa limevimba hadi chini ya mbavu. Mtoto yule alikuwa amezaliwa na tundu moyoni.

Nasimulia kisa hiki, ijapokuwa hakinipi sifa, kwa sababu najua kuna wazazi wengi kuanzia Maua hadi Runyenjes, na kutoka Kanyakine hadi Siakago, ambao wanazunguka na watoto wa aina hii kutoka zahanati moja hadi nyingine wakipewa dawa ya kikohozi. Ni kweli kwamba mtoto mchanga anaweza kuugua homa ya mapafu bila kuwa na joto. Lakini mtoto anayepumua mbio, anayetokwa na jasho akinyonya na asiyeongeza uzani, moyo wake lazima uchunguzwe.

KASORO YA AINA GANI?

Kasoro za moyo za kuzaliwa nazo ndizo kasoro zinazopatikana kwa wingi zaidi kati ya zote ambazo watoto huzaliwa nazo. Duniani kote, karibu mtoto mmoja kati ya kila watoto 100 wanaozaliwa huwa na kasoro fulani ya moyo. Tuseme hospitali moja inazalisha akina mama 300 kwa mwezi. Basi katika mwezi huo tutarajie watoto watatu hivi wa aina hii. Wengi wao kasoro zao ni ndogo. Lakini kama robo yao huwa na kasoro kubwa ambayo huhitaji upasuaji au matibabu mengine mazito katika mwaka wa kwanza wa maisha.

Ili mzazi aelewe, yafaa kwanza ajue jinsi moyo ulivyo. Moyo una vyumba vinne, viwili juu na viwili chini, na ukuta katikati unaotenga upande wa kulia na wa kushoto. Upande wa kulia hupokea damu iliyotumika mwilini na kuisukuma mapafuni ikachukue oksijeni. Upande wa kushoto hupokea damu safi kutoka mapafuni na kuisukuma mwili mzima kupitia mshipa mkuu. Pande hizi mbili hazipaswi kuchanganya damu.

Mtoto akiwa tumboni, mambo ni tofauti. Mapafu yake hayafanyi kazi kwa sababu oksijeni anaipata kutoka kwa mama kupitia kitovu. Kwa hivyo Mungu amemwekea njia mbili za mkato: kitundu kati ya vyumba viwili vya juu, na mfereji mdogo unaounganisha mshipa wa mapafu na mshipa mkuu. Mtoto anapozaliwa na kulia, mapafu hufunguka, na njia hizo huanza kujifunga. Mfereji ule kwa kawaida hujifunga katika siku mbili tatu za kwanza.

Moyo wenyewe huwa umekwisha kuumbika kufikia wiki ya nane ya ujauzito. Jambo hili ni la kuzingatiwa sana, kwa sababu wakati huo akina mama wengi hata hawajaanza kuhudhuria kliniki, na wengine hawajajua kwamba ni waja wazito.

AINA ZINAZOPATIKANA SANA

Kasoro inayoongoza ni tundu kwenye ukuta kati ya vyumba viwili vya chini. Tundu likiwa dogo, mtoto hukua vizuri, na mara nyingi hujifunga lenyewe katika miaka ya mwanzo. Likiwa kubwa, damu nyingi hurudi mapafuni badala ya kwenda mwilini. Mapafu hujaa, mtoto anapumua mbio, na moyo unachoka. Dalili hizi aghalabu hazionekani siku ya kuzaliwa. Huanza kati ya wiki ya pili na ya nane, na ndiyo sababu mtoto anaweza kuruhusiwa kwenda nyumbani akiwa na afya njema, kisha akaanza kudhoofika kabla ya miezi miwili.

Ya pili ni ule mfereji mdogo unapokataa kujifunga. Hali hii huwapata sana watoto waliozaliwa kabla ya wakati. Pia imeonekana kwamba watoto wanaozaliwa katika nyanda za juu sana, ambako hewa ina oksijeni haba, hupatwa nayo zaidi kuliko wale wa pwani.

Ya tatu ni tundu kati ya vyumba vya juu. Hii huenda isitoe dalili yoyote kwa miaka mingi.

Kisha kuna kundi la kasoro zinazomfanya mtoto abadilike rangi na kuwa samawati. Inayojulikana zaidi ni ile yenye mambo manne kwa pamoja: tundu kati ya vyumba vya chini, njia ya kwenda mapafuni iliyobana, mshipa mkuu uliokaa juu ya tundu hilo, na ukuta wa upande wa kulia ulionenepa. Damu isiyo na oksijeni hupenya na kwenda mwilini. Nyingine ni pale mishipa miwili mikubwa inayotoka moyoni inapobadilishana mahali. Mtoto wa aina hii huishi kwa kutegemea zile njia za mkato, na mfereji unapojifunga baada ya siku chache, hali yake hubadilika ghafla. Huyu ni wa kukimbizwa hospitali kubwa saa hiyo hiyo. Kuna dawa ya mshipani inayoweza kuufungua mfereji huo kwa muda mtoto akipelekwa kwa madaktari wa upasuaji.

DALILI AMBAZO MZAZI ANAWEZA KUONA

Mzazi hahitaji stethoskopu ili kushuku kwamba kuna jambo. Mambo ya kuangalia ni haya:

1. Kunyonya. Mtoto mwenye afya hunyonya kwa nguvu, akashiba, akalala. Mwenye tatizo la moyo hunyonya kidogo, anaachia titi akihema, jasho linamtoka kwenye paji la uso, anasinzia bila kushiba, na baada ya muda mfupi anaamka akilia njaa.

2. Kupumua. Mtoto akiwa ametulia au amelala, mfunue kifua na uhesabu pumzi kwa dakika moja kamili. Mtoto wa chini ya miezi miwili akifikisha pumzi 60 au zaidi, hesabu tena. Idadi ikiwa ni ile ile, mpeleke hospitali. Kwa mtoto wa kati ya miezi miwili na mwaka mmoja, kiwango cha hatari ni pumzi 50.

3. Uzani. Watoto wengi hupungua kidogo siku za kwanza, na kufikia wiki mbili huwa wamerudisha uzani waliozaliwa nao. Baada ya hapo huongeza kati ya gramu 20 na 30 hivi kwa siku. Mstari kwenye kijitabu cha kliniki ukilala au kushuka, uliza sababu.

4. Rangi. Kwa watoto wetu weusi, usitazame ngozi. Mfungue mdomo mchana penye mwanga na utazame ulimi na ufizi. Vikiwa samawati au kijivu, ni hatari. Mikono na nyayo kuwa samawati wakati wa baridi si ajabu kwa mtoto mchanga, lakini ulimi kuwa hivyo si jambo la kawaida.

5. Vifua vya kila mara. Mtoto anayetibiwa homa ya mapafu mara mbili au tatu katika miezi michache anastahili kuchunguzwa moyo.

MUGUKA, LAANA NA LAWAMA

Katika kazi yangu nimesikia mama akilaumiwa kwa mengi. Wengine humwambia alikula miraa au muguka. Wengine husema ni laana ya ukoo au kwamba mahari haikumalizwa. Mama yule wa Tigania aliniuliza kwa sauti ya chini, mamake mkwe akiwa nje, kama ni kwa sababu alibeba mizigo ya majani chai hadi mwezi wa nane.

Jibu ni hapana. Mara nyingi hakuna sababu moja inayoweza kutajwa, na mzazi hana hatia yoyote. Kutafuna miraa au muguka wakati wa ujauzito kumehusishwa na watoto kuzaliwa na uzani mdogo, na hiyo yatosha kuwa sababu ya kuacha. Lakini asitokee mtu wa kumwambia mama kwamba ndiko kulikotoboa moyo wa mwanawe.

Yako hata hivyo mambo yanayojulikana kuongeza hatari. Moja ni ugonjwa wa rubela ukimpata mama katika miezi mitatu ya kwanza ya mimba. Lingine ni kisukari ambacho hakijadhibitiwa. Kuna pombe, na kuna baadhi ya dawa, zikiwemo baadhi ya zile za kifafa. Mama anayezitumia asiziache ghafla, bali amwone daktari kabla ya kushika mimba. Pia watoto wenye ugonjwa wa Down, karibu nusu yao huwa na kasoro ya moyo, kwa hivyo kila mmoja wao achunguzwe hata kama anaonekana mzima. Mzazi au ndugu aliyezaliwa na kasoro hiyo naye huongeza uwezekano.

Kuhusu rubela, tunayo kinga. Tangu 2016 watoto nchini Kenya hupewa chanjo ya surua na rubela kwa pamoja, wakiwa na miezi tisa na tena wakiwa na mwaka mmoja na nusu. Msichana anayechanjwa leo ndiye mama wa kesho, na chanjo hiyo inamlinda mtoto ambaye bado hajatungwa mimba.

Jambo moja zaidi. Kuna wazee wanaomkata mtoto kimio wakiona anakohoa na hakui. Tafadhali msikubali. Kimio hakina uhusiano na moyo, na mtoto dhaifu anaweza kuvuja damu au kuambukizwa viini hadi akafa.

UCHUNGUZI

Hatua ya kwanza ni ya bei nafuu. Kile kifaa kidogo cha kubana kidole na kupima oksijeni, ambacho wengi wetu tulikijua wakati wa corona mwaka 2020, kinaweza kutumiwa kwa mtoto kabla hajatoka wadini. Hupimwa mkono wa kulia na mguu mmoja, saa 24 baada ya kuzaliwa. Kwa kawaida kiwango huwa asilimia 95 au zaidi, na tofauti kati ya mkono na mguu haizidi tatu. Kikiwa chini ya 90, mtoto asitoke kabla ya kuonwa na daktari. Marekani ilipendekeza kipimo hiki kwa kila mtoto mwaka 2011. Wazazi wanaojifungulia hospitali kubwa za Meru na Embu, au za misheni kama Chogoria, Maua, Nkubu na Kyeni, hawakosei wakiuliza: "Mtoto wangu amepimwa oksijeni?"

Hata hivyo, kipimo hicho hugundua hasa kasoro zinazopunguza oksijeni. Tundu kama la yule msichana kinaweza kulikosa. Kwa hivyo moyo usikilizwe tena anapopelekwa chanjo ya wiki sita. Usione haya kumwomba daktari au afisa wa kliniki aweke stethoskopu kifuani.

Jibu kamili hutokana na picha ya moyo inayopigwa kwa mawimbi ya sauti, ambayo wengi huiita eko. Haiumizi wala haichomi. Si kila mvumo ni ugonjwa, kwani watoto wengi wazima huwa na mvumo usio na madhara. Eko ndiyo huamua.

MATIBABU YAPO

Watu wengi wakisikia ugonjwa wa moyo huanza kuomboleza. Lakini tangu 1938, wakati Robert Gross alipofunga ule mfereji wa msichana mmoja mjini Boston, Marekani, kasoro hizi zimekuwa zikitibiwa. Mwaka 1944 huko Baltimore, Alfred Blalock alifanya upasuaji wa kwanza wa kumsaidia mtoto wa samawati, akifuata wazo la daktari wa watoto Helen Taussig. Nyuma yake alisimama Vivien Thomas, Mmarekani mweusi ambaye hakuwahi kusomea udaktari chuoni, lakini ndiye aliyekuwa ameuandaa upasuaji huo katika maabara na aliyemwelekeza Blalock hatua kwa hatua.

Hapa kwetu, upasuaji wa moyo wa watoto hufanyika Nairobi katika Hospitali Kuu ya Kenyatta, Mater na Aga Khan, na pia Tenwek huko Bomet. Mater imekuwa ikiandaa mbio za kuchangia watoto wenye maradhi ya moyo tangu 1994. Baadhi ya kasoro hazihitaji tena kupasua kifua: mfereji au tundu huzibwa kwa kifaa kinachopitishwa kwenye mshipa wa pajani.

Gharama ni kubwa, sitawaficha. Tangu Oktoba 2024, Mamlaka ya Afya ya Jamii, yaani SHA, ilichukua nafasi ya NHIF. Msajili mtoto mapema na uulize hospitali ni kiasi gani kitalipwa, ili mchango wa jamaa na majirani uanze kabla mambo hayajaharibika. Uliza pia ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali kuhusu kambi za upasuaji na misaada.

Muda ndio jambo kubwa. Tundu kubwa likiachwa miaka mingi, mishipa ya mapafu hukazana na kuwa migumu kwa sababu ya shinikizo la damu. Ikifika hapo, damu hugeuza njia, mtoto anakuwa samawati, na kuziba tundu kunaweza kumuua. Niliwahi kumpokea mvulana wa miaka 11 kutoka Mbeere, ncha za vidole zake zimevimba kama vijiti vya ngoma na midomo imekuwa ya zambarau. Wazazi wake walikuwa wameambiwa atapona akikua. Huko Nairobi waliambiwa kwamba wakati wa upasuaji ulikuwa umepita. Babake aliniuliza tu kama angekuja mapema kiasi gani. Nilimwambia ukweli: kabla ya mwaka wa kwanza.

UKIWA NYUMBANI UKINGOJA

Mnyonyeshe mtoto kidogo kidogo lakini mara nyingi, akiwa ameinuliwa kichwa. Akichoka sana, mama akamue maziwa na kumpa kwa kikombe. Mpe dawa alizoandikiwa bila kuruka hata siku moja. Mpeleke chanjo zote, maana yeye ndiye anayezihitaji zaidi. Meno yakianza kuota yasafishwe kila siku, kwa sababu viini vya meno yaliyooza vinaweza kuushambulia moyo wenye kasoro.

Mtoto wa samawati akilia hadi akageuka rangi na kuhema, mkunje magoti yafike kifuani, mbembeleze atulie, kisha mkimbize hospitali. Akiharisha au kutapika, usingoje hadi kesho. Damu ya watoto hawa ni nzito, na wakipungukiwa na maji inaweza kuganda ubongoni.

Yule msichana wa Tigania alianza dawa za kupunguza maji mapafuni, akalishwa vizuri, na akafanyiwa upasuaji akiwa na miezi tisa baada ya kanisa na soko zima kuchanga. Leo yuko shuleni. Kovu lake ni mstari mwembamba kifuani, na nyanya yake kila anaponiona hunikumbusha lile swali lake.

Tangu siku hiyo sijaandika tena homa ya mapafu kwa mtoto mchanga kabla ya kumvua nguo na kuusikiliza moyo wake. Nawe mzazi, usiogope kuuliza kama alivyouliza nyanya yule. Mtoto akirudishwa kliniki mara ya tatu na ugonjwa ule ule, muulize daktari wake kama amesikiliza moyo.